Kikono Kilichovuka Ukuta

Nilipanda kigoda na mkasi mkononi. Kopo langu la stroberi mwitu lilikaa juu ya ukuta unaoigawa nyumba ya marehemu baba pale Malindi, na kikono chake kimoja, chembamba, chekundu, kilikuwa kimeteremkia upande wa mdogo wangu, Tamima. Miaka sita hatusemezani. Hata jani sikutaka alipate.

Vitunda vyangu, vidogo kama ushanga, vilininukia kama ndoto. Nikachungulia.

Kikono kimelala ndani ya kopo jingine, lililoinuliwa kwa matofali likifikie. Kimebanwa kwa pini ya nywele kwenye udongo uliotoka kumwagiwa maji. Kimeshatoa mizizi.

“Tamima,” nikaita.

“Abee, dada,” akaitika, hapohapo chini ya ukuta.