Mteja Aliyebaki Ndani

Benki ilitaka kujua kama mfumo wake utahimili msongamano. Mpimaji wa mifumo ya kompyuta akawagawa wateja wa kubuni kwenye kompyuta zote chumbani, kila moja na fungu lake, ili mteja mmoja asiingie kwa kompyuta mbili. Majina yalipomwishia, mteja wa mwisho akampa jina la marehemu mama yake.

Jaribio lilikwenda vizuri. Mwenzake akazima kompyuta moja baada ya nyingine, ikabaki ile ya kusimamia jaribio tu.

"Mbona kuna mteja bado yumo ndani?" akauliza.

"Ameingia kwa kompyuta gani?"

"Hakuna, dada. Zote nimezima mwenyewe."

Mpimaji alisogea. Jina kwenye skrini lilikuwa la mama yake. Chini yake, kwenye kidirisha ambamo wateja huandika kuomba msaada, herufi zilitokea mojamoja, polepole, kama za mtu anayetafuta vitufe kwa kidole kimoja.

"Kitindamimba wangu, mbona mmezima taa?"

Pale kazini hakuna aliyejua kwamba yeye ndiye kitindamimba.

"Nimfute?" mwenzake akauliza, kidole tayari juu ya kitufe.

Mpimaji akamshika mkono.

"Washa," akasema. "Washa zote."