Kompyuta ya Mwalimu Yasiri

Kompyuta ilijizima tena kabla haijamaliza kuwaka, na Mwalimu Yasiri akashika kichwa kwa mikono miwili.

"Hii imekufa, Madam," alisema. "Turudi tu Koboko."

Madam Stella Kiden, mwalimu mkuu, hakutaka kusikia. Baba yake alikuwa sajenti, naye hakulelewa kukata tamaa mapema. Kompyuta hiyo alikuwa ameipakata mwenyewe njia nzima mpaka Arua, kwa fundi Alionzi, maana Yasiri alisema matokeo yote ya darasa la saba yalikuwa humo, na wazazi walikuwa wameshafika shuleni kuchukua ripoti.

"Wazazi iko nangoja," alimwambia fundi. "Mimi taambia wao nini?"

Yasiri alilowa jasho. Maskini, mwaka huu alikuwa anatarajia kuwa naibu wa mwalimu mkuu, halafu mashine inamwangusha siku ya siku! Inauma.

"Karatasi za watoto iko wapi?" Alionzi aliuliza. "Si naweza kuingiza marks upya?"

"Mchwa nakula yote, fundi," Yasiri alijibu.

Madam alisonya. Alionzi akamwonea mwalimu huruma, akaiwasha kompyuta kwa njia ya dharura, ile inayoamsha vitu vya lazima tu. Haikujizima. Akapekua taratibu hadi akamkamata mchawi: draiva, ile programu ndogo ya kuendeshea printa, iliyowekwa juzi tu.

"Hii ndio naangusha mashini. Haipatani na yeye kabisa. Nani naweka?"

"Printa?" Madam alishangaa. "Shule yetu hapana printa."

"Mambo ya kompyuta, Madam," Yasiri alisema, akijifuta uso.

Alionzi aliiondoa draiva, akazima, akawasha kama kawaida. Safari hii kompyuta iliwaka mpaka mwisho, ikatulia.

Machozi yalimtoka Yasiri waziwazi. Madam alipiga kigelegele humo humo dukani, wapita njia wakageuka, kisha akatoka na simu kuwaambia wazazi asiondoke mtu, matokeo yanakuja.

Mlango ulipojifunga tu, Yasiri alimshika fundi mkono.

"Ndugu yangu, haribu hii kitu tena, haraka," alinong'ona. "Mimi hapana sahihisha hata karatasi moja."