Kanga Juu ya Taa

Hewa ya nje ilikuwa haivutiki tena. Kila chumba kiliishi kwa tangi lake la magugu maji. Taa ikikaribia, viputo vya hewa huzidi. Bi Mwanahawa alilijua hilo. Lakini mjukuu hajatimiza arubaini, atamulikwaje hivyo? Akaifunika taa kwa kanga, akafunga mlango, akakaa sebuleni kujisifu.

"Mume wangu mtulivu, mashallah! Tangu asubuhi hajalia."

Mkwewe, Raya, akaingia chumbani kumnyonyesha mtoto. Ukelele wake ulimnyanyua bibi mzimamzima. Tangini hakikupanda kiputo hata kimoja.

Raya aliing'oa kanga, akaisukuma taa mpaka ikagusa kioo. Viputo vikaanza, kisha vikachemka kama uji.

Bi Mwanahawa alimtikisa mtoto.

"Lia, mume wangu. Lia basi."