Mlio wa Mzee Uriah

"Jumamosi, Mzee Uriah. Utaipiga pembe uwanjani, mbele ya watu wote," alisema Kanali Rowe, mkuu wa kijiji, akiwa amesimama mlangoni. "Ukishindwa, pembe tunampa Lanville."

 Tangu apigwe na kiharusi, shavu moja la Mzee Uriah lilikuwa limelegea na maneno yalimtoka kwa shida. Alimtazama tu mkewe, Icilda, aliyekuwa akijipaka mafuta ya nazi kwenye midomo iliyopasuka.

"Kwani hamsikii?" Icilda akafoka. "Kila kukicha pembe inalia nyuma ya nyumba hii. Mnaitwa kazini, mnaitwa mazikoni. Siku gani haikulia?"

"Tunasikia, mama. Ila hakuna anayemwona akiipiga."

"Mtu mdomo umempinda, mnataka mkamtazame kama sinema? Hata haya hamna!"

Lanville akacheka nyuma ya Kanali. "Mimi nasema ni kinasa sauti. Mzee anabonyeza tu."

Icilda nusura amrushie sufuria. Abeng ile, pembe ya ng'ombe yenye tundu ubavuni, ilipigwa na baba yake Uriah, na babu yake, na waliokuwapo Wamaroon, wale watumwa waliotoroka, walipopigana na Waingereza milimani humo. Haikuwahi kutoka katika nyumba ile, wala mwanamke hakuruhusiwa kuipiga. Wageni walipoondoka, Uriah alilia kama mtoto.

Ijumaa asubuhi Lanville alikuwa akichimba viazi vikuu pembe ilipolia. Kwanza ilitaja jina. Kila mtu kijijini ana mlio wake, na huu ulikuwa wa Uriah. Kisha ukaja mlio wa msiba, mrefu, ukikatika mwishoni kwa namna ambayo hakuna aliyekuwa akiiweza ila Uriah.

Jembe likamponyoka Lanville. "Jamani! Anajitangazia kifo mwenyewe?"

"Na huo nao aliunasa lini?" jirani akamuuliza.

Walikimbia wote, Kanali mbele. Walimkuta Uriah amefunikwa shuka jeupe mpaka kichwani. Kanali akamshika mkono, ukawa umeshakakamaa kitambo. Icilda alikaa kando ya kitanda, macho yamemvimba, pembe mapajani.

"Kanali," akasema, akijifuta damu mdomoni, "ule mtihani wa Jumamosi bado upo?"