Majeruhi wa Saba

Masatu alipigwa jembe la mguu na kaka yake wa tumbo moja, ngozi ya muundi ikafunguka mpaka mfupa ukaonekana. Alilia, akatukana, halafu akamshika kaka yake mkono akamwambia asante. Watu waliojaa uwanja wa ghala la pamba wakashusha pumzi. Eliud, katibu wa kijiji, akaandika: sita.

"Bado mmoja," alisema bila kuinua macho.

Ursula ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kamati ya usalama shambani katika kijiji hicho kidogo nyuma ya Mugeta, na damu yote iliyomwagika pale asubuhi ile ilimwagika kwa idhini yake.

Wala msimwone katili. Miaka mitatu nyuma mumewe alilaliwa na trekta. Walimpakia kwenye bodaboda, mtu mbele, mtu nyuma, na hawajafika hospitali ya Bunda alikuwa ameisha damu. Tangu siku hiyo mama huyo hakumpa mtu raha. Akukute unapulizia dawa ya pamba bila buti, au umepandisha mtoto kwenye trekta, utakoma! Anakufuata mpaka kilabuni, anakusema mbele ya wenzako na pombe inakuwa chungu. Wanaume walimnunia, lakini buti walivaa.

Ndipo ikaja barua ya shirika moja la Musoma. Ilisifia uongozi bora mistari mitatu, kisha ikasema kuna fedha za kijiji kimoja tu: muuguzi, chumba cha huduma ya kwanza na gari la wagonjwa. Kamati iorodheshe walioumia shambani mwaka huu. Afisa atakuja kuwaona kwa macho yake.

"Walioumia?" Ursula aliuliza. "Mbona hatuna hata mmoja?"

Eliud alicheka cheko la uchungu. "Mama Nathan, kwa sifuri hiyo ndiyo uombe gari? Umesahau ile njaa? Wenzetu waliandika kila kaya inakufa, wakaletewa malori mawili ya mahindi. Sisi tukaandika ukweli, tukaletewa pole. Hawa watu wanatoaga penye kilio."

Nani angembishia? Mwaka ule kijiji kizima kilikula mizizi. Tena ilisemekana majirani wa upande wa Butiama wana majeruhi sita.

Basi wakaokota vikaratasi vya kura, wakapatikana watu saba. Wakakubaliana kila mmoja aumizwe na ndugu yake wa damu, maana ukimjeruhi mtu wa ukoo mwingine, hata kwa ridhaa yake, iko siku watakuja kudai ng'ombe wa fidia. Matiko alimwagiwa dawa ya pamba mgongoni, ngozi ikamtoka malengelenge akigaagaa mavumbini. Magesa alipasuliwa kichwa na mdogo wake. Wengine wakafuata.

Wa saba alikuwa Nathan. Hana kaka, hana dada. Ana mama tu.

"Fanya, mama," alisema, akalaza mkono wa kushoto juu ya gogo. Mke wake na watoto wawili walikuwa wamefungiwa ndani wasione. "Lingekuwepo gari, baba angekuwa hai. Fanya."

"Siwezi, mwanangu. Jamani, siwezi!"

"Afisa yuko njiani. Fanya!"

Ursula alishika panga akikusudia kukwangua tu, ngozi ya juu basi. Lakini alifumba macho, na mkono uliozoea kukata mabua haukujua kupunguza nguvu. Panga lilizama kwenye gogo. Alipofumbua, vidole vitatu vya mwanawe vilikuwa chini.

Nathan alipiga yowe mpaka mbuzi wakakimbia. Ursula akavua kitenge akamfunga, anafunga huku analia, analia huku anajitukana, na damu ikazidi kupenya.

"Saba," Eliud alisema kwa sauti ndogo.

Gari likaingia uwanjani, jipya, jeupe, na kitanda ndani. Akateremka Leodgar, afisa wa shirika, akicheka na kupunga funguo. Aliona damu, kicheko kikakatika.

Ursula alimkimbilia na orodha mkononi. "Saba, baba! Wahesabu mwenyewe, wote ni wa shambani. Tupe gari, mwanangu anakufa!"

Leodgar hakubishana. Alimwashiria dereva, wakambeba Nathan wakamlaza kitandani. Ndipo akaisoma orodha. Akaisoma tena.

"Mama Mwenyekiti, sielewi," alisema. "Tumepekua madaftari ya zahanati zote, tukaona ni ninyi peke yenu msiokuwa na majeruhi hata mmoja. Ndiyo maana nimewaletea gari."