Ukurasa wa Bibi wa Isangi

Neno "mzee" lilikuwa limefutwa tena.

Rachida aliikodolea macho kompyuta. Jana aliliandika, leo halipo. Wa kulifuta ni Zakaria tu, na ni Zakaria huyo huyo aliyemwapia: "Site iko yako, mie sitagusa kitu." Ama kweli, ahadi ya mwanamume! Akampigia simu papo hapo.

"Bibi atakasirika, chérie," alijitetea Zakaria. "Hapendi waseme yeye muzee."

Rachida akacheka bila kupenda. Vikongwe wengine nao! Meno yamekwisha, madaha bado.

Zakaria aliuza samaki wa moshi kutoka Isangi, na alitaka wateja wa Goma, Bujumbura na Kigoma wamwone mtandaoni. Kiswahili cha Kisangani kingewachekesha wa mbali, ndipo akaelekezwa mtaa wa Mangobo, kwa tonton Waziri, ambaye binti wa kaka yake, Rachida, alikuwa ametoka Kigoma juzijuzi na Kiswahili chake cha vitabuni. Kazi ya Rachida ndiyo hiyo, maneno ya tovuti. Sentensi fupi, lugha nyepesi, kwa sababu msomaji akijikwaa mara moja amekwenda kwa mwingine.

Walianza na samaki, wakaishia kwenye posa. Mwezi ujao Rachida angeingia nyumba ya Isangi.

"Kule niko na bibi," Zakaria alimwambia siku ya kwanza kabisa. "Sitaki nikufiche."

Hapo hapo alimpenda. Kigoma alikuwa amechumbiwa na mtu wa uongo mtupu, kuanzia jina mpaka kazi, na aibu yake ndiyo iliyomfanya ahame mji. Leo kapata mwanamume wa kutaja mpaka bibi yake! Hata tonton Waziri aliridhika.

"Zakaria hafichi," alisema. "Bibi ya Isangi akikubali, sisi hatuna neno."

Na bibi amekubali. Zakaria mwenyewe ndiye aliyeleta habari hiyo, anachekelea. Kwa furaha Rachida akauandika ukurasa wa "Kuhusu Sisi" kwa moyo wake wote, awe ameshapendwa kabla hajafika: "Nyuma ya kila samaki wetu yuko bibi. Yeye ndiye ajuaye kuni za kuwasha na wakati wa kugeuza." Gracia, jirani aliyewapigia picha za samaki, aliusoma, kisha akamtazama.

"Na mutaishi naye ndani ya lupango moja, kiwanja kimoja?"

"Kwa nini tusiishi? Nitampikia uji, nitamwogesha."

"Utamuogesha!" Gracia alijipiga mapaja. "Ninyi Waislamu muko na roho, kweli."

Ilibaki picha tu. Ukurasa usio na uso, nani atauamini? Rachida aliomba, Zakaria akasema kesho. Akaomba tena, akaambiwa mtandao wa Isangi mubaya. Sasa, simu ikiwa bado sikioni, alimbana mpaka akatapika.

"Bon, nitasema kweli. Bibi bado ananuna. Alikubali na kinywa tu."

Rachida akainuka kitini. Kwa hiyo tonton amedanganywa, naye amedanganywa, na huku anajipendekeza kwa mtu asiyemtaka!

"Umenisaliti, Zakaria. Ulikuja hapa ukaapa amekubali, tukakuamini. Una tofauti gani na yule wa Kigoma?"

Akakata simu. Alilia kwa hasira, machozi ya mtu aliyetapeliwa mara ya pili na hawezi kumlaumu mwingine ila macho yake mwenyewe. Lakini kumwacha hakuweza. Alishampenda, na penzi halisikii dawa. Alipomaliza kulia alinawa uso, akajiambia kwamba kikongwe ni mtu wa maneno matamu, na maneno ndiyo kazi yake. Akamtumia Zakaria ukurasa mzima, na chini yake akaongeza: "Msomee bibi. Mwambie naja kumtumikia, siji kumnyang'anya mtu."

Alasiri simu ikalia. Picha ilifunguka polepole, mtandao ukisuasua: kilemba cha kitenge kipya, uso laini wa mwanamke wa rika la Rachida mwenyewe, kifuani mtoto mchanga ananyonya.

Rachida akasonya. Mwanamume huyu hata picha hajui kuchagua! Akaandika: "Umekosea, hii ni ya dada yako. Nataka ya bibi."

Jibu lilikuja kwa sauti, na haikuwa ya Zakaria. Ilikuwa ya mwanamke, ya upole, karibu icheke.

"Ni mie mwenyewe, mudogo wangu. Amenisomea maneno yako yote, roho yangu imepoa. Kuja tu. Bwana yetu anasema tugawane siku."