Kiatu cha Mguu Mfupi

Mfagiaji alijifanya anafuta vumbi kwenye mashine, kumbe anageuza tarehe. Profesa alitaka kurudi nyuma siku moja tu, ya majaribio. Yeye akampa miaka mitano.

Miaka mitano iliyopita jengo hili halikuwepo. Palikuwa na kiwanja kitupu, na mlinzi wake alikuwa mume wa mfagiaji huyu. Mchana mmoja, kati ya saa sita na saa saba, mtu alimvunja shingo akatoweka. Alichoacha ni kiatu kimoja cha kulia, soli nene kama tofali, cha mtu mwenye mguu mfupi. Mjane anacho mpaka leo, chini ya kitanda.

Jengo likasimama, akaajiriwa kulifagia. Mwaka huu Profesa akahamia ghorofa ya tatu, anachechemea, kiatu chake cha kulia soli nene vilevile. Mjane moyo ukamlipuka paa!

"Profesa, miaka mitano nyuma ulikuwa wapi?" aliwahi kumuuliza.

"Ng'ambo, mama. Mji huu nilikuwa sijaukanyaga."

Mwongo mkubwa! Tena kwa uso mkavu.

Leo Profesa alijifunga mkanda kitini, viatu vipya miguuni, domo halifungi.

"Wenzangu wananicheka. Wanasema haiwezekani kurudi nyuma, maana mtu angekwenda kuzuia yaliyokwisha kutokea. Mimi nasema kwenda utakwenda, ila hutazuia kitu."

"Na utatokea wapi?"

"Hapahapa, ghorofa ya tatu. Kinachorudi nyuma ni saa, mahali hapahami. Baada ya dakika moja kiti kinanirudisha."

Hapahapa! Miaka mitano nyuma, hapahapa ni hewa tupu. Na saa aliyoiweka mjane ni sita na dakika tano. Muuaji aanguke afe kwanza, mumewe amalize chakula chake kwa amani, jioni arudi nyumbani.

"Safari njema, baba," alisema, akabonyeza kitufe mwenyewe.

Kiti kikatoweka. Akahesabu hadi sitini, masikio yakiwa kwenye ngazi, huenda atasikia hatua za mumewe.

Kiti kikarudi. Profesa alikuwa juu yake, mzima, anahema, vumbi hadi kwenye nyusi.

"Mama wee, nimepona kwa bahati! Hakukuwa na jengo! Nimemwangukia mtu aliyekuwa amekaa anakula."

Mguu wake wa kulia ulikuwa peku.